Shemeji hafuti kesi, na kesi ikitupwa rekodi haijafutika

Jumapili iliyopita, kwenye chai baada ya ibada, hapa Texas, nilisikia tena, kaka mmoja akimtuliza mwenzake aliyeshtakiwa kumpiga mkewe: "Usiwe na wasiwasi kaka, shemeji ameshafuta kesi, rekodi imeisha." Sentensi fupi, makosa mawili.

Maana kwanza, haraka haraka. Kufuta rekodi ni amri ya mahakama kwamba kumbukumbu za kukamatwa na kushtakiwa ziharibiwe au zirudishwe, na aliyefutiwa anaruhusiwa kusema hakuwahi kukamatwa. Kufungia rekodi, ambako sheria ya Texas inakuita amri ya kutofichua, ni jambo jingine: faili lipo zima, ila mwajiri wa kawaida na mwenye nyumba ya kupanga hawalioni. Polisi wanaliona. Mwendesha mashtaka analiona. Baadhi ya bodi zinazotoa leseni za kazi, uuguzi ukiwemo, zinaliona pia.

Nadhani anayetuponza ni neno letu "futa". Ubao unafutwa, jasho linafutwa, kauli inafutwa bungeni, deni linafutwa, kesi nayo inafutwa. Lakini deni la dukani likifutwa, fungua daftari la mwenye duka: jina lako bado lipo, limepigwa mstari tu. Hata neno la Kilatini ambalo wanasheria wa huku walilirithi, expungere, halikuanza na maana ya kupangusa. Shina lake ni kuchoma kwa ncha kali: jina linalotakiwa kutoka kwenye orodha liliwekewa vitone. Ukilitazama, bado unalisoma. Afadhali wazee wetu na lakiri yao, ile nta ya kufungia barua. Barua iliyopigwa lakiri na muhuri kila mtu alijua imo ndani, haikuchomwa moto, na mwenye mamlaka akitaka anaivunja na kuisoma. Rekodi iliyofungiwa ni hivyo hivyo.

Sasa shemeji. Kesi ya kumpiga mke au mume si mali ya aliyepigwa. Juu ya karatasi pameandikwa Jimbo la Texas dhidi ya fulani, na shemeji ni shahidi. Anaweza kula kiapo kwa maandishi kwamba hataki mashtaka yaendelee. Mwendesha mashtaka ataipokea hati hiyo, na akitaka ataendelea bila yeye, kwa picha za majeraha na sauti ya simu aliyopiga polisi usiku ule.

Panaponikera zaidi ni hapa. Mtu anakiri kosa, au anasema hapingi. Hakimu anaahirisha kumtia hatiani, anampa probesheni, yaani kipindi cha kuangaliwa chini ya masharti, akiimaliza vizuri kesi inatupwa. Anatoka anashangilia: imefutwa! Haijafutwa. Ukipita njia hiyo, kufutiwa rekodi huwezi, isipokuwa kwa makosa ya daraja la chini kabisa, yale ya faini tupu. Na hakimu akiwa ameona kwamba kosa lilikuwa la ukatili wa kifamilia, hata kufungiwa hupati. Inabaki wazi, kila anayepekua anaikuta. Aliyeshinda kesi, au ambaye kesi yake ilitupwa bila yeye kukiri wala kuwekwa probesheni, mara nyingi ndiye anayeweza kufutiwa, naye pia lazima aombe. Haijifuti yenyewe.

Kwa sisi wenye grinikadi, kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, kuna la ziada. Tangu sheria ya 1996, uhamiaji wana maana yao ya kutiwa hatiani: ukikiri na hakimu akakupa adhabu au masharti yoyote, wao wanahesabu umetiwa hatiani, hata kama jimbo linasema hapana. Na ukatili wa nyumbani ni sababu ya kurudishwa kwenu. Maelezo ya fomu ya kuomba uraia yanakutaka utaje kukamatwa kote, hata rekodi iliyofungiwa, hata iliyofutwa. Ukijaza "hapana" kwa sababu shemeji alisamehe, umejiongezea kesi ya kusema uongo.

Yule kaka sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Tulipokuwa tunakunja viti nikamwambia taratibu: sema shemeji ameomba kesi iondolewe, usiseme ameifuta. Akaniuliza tofauti iko wapi. Nikamwomba amwambie mwenzake apite kwa karani wa mahakama, achukue nakala ya amri ya mwisho, kisha tukae tuisome pamoja tuone imeandikwa neno gani.