TV ya zamani ilirekodiwaje? Stori nyingi unazosikia si kweli

Watu wengi wanaamini vipindi vya TV vya miaka ya 1940 na 50 vilirekodiwa kwenye kanda za video, zikachakaa, ndo maana picha ni mbaya. Hapana jamani. Mashine ya kurekodi video ya kampuni ya Ampex ya Marekani imeoneshwa kwa mara ya kwanza 1956 kule Chicago, kabla ya hapo ukitaka kutunza kipindi cha laivu ilibidi uelekeze kamera ya filamu kwenye skrini ya TV palepale kituoni, upige, kisha filamu ikasafishwe. Wamarekani waliita kineskopu.

Basi utasikia mtu anasema aah, rahisi, unategesha kamera unaondoka. Wapi! TV ya Marekani ilitoa fremu (yaani picha mojamoja) 30 kwa sekunde na filamu inaenda 24, hesabu zisipokubaliana picha inakatwa na mistari, ndo maana 1947 kampuni ya filamu ya Kodak, pamoja na mitandao ya TV ya DuMont na NBC, wakaja na kamera maalum ambayo shata yake (kile kinachofungua na kuziba mwanga) inaruka zile fremu za ziada. Na skrini yenyewe ilikuwa inapigwa kama ilivyo. Mwaka 1953 BBC walikuwa na tamthilia ya laivu, The Quatermass Experiment, sehemu 6, na kwenye sehemu ya pili mdudu akatua kwenye kioo cha hiyo skrini wakati kamera inarekodi, mpaka leo ukiangalia unamwona. Wengi wanasema zile sehemu 4 za mwisho zilipotea, ukweli ni kwamba hazikurekodiwa kabisa maana ubora wa zile mbili haukuwaridhisha.

I Love Lucy, kile kichekesho cha TV cha Marekani, nacho watu wanakiweka kwenye kineskopu, siyo, ile ilipigwa moja kwa moja kwenye filamu ya milimita 35 tangu 1951, ndo maana iko safi vile.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba hizi filamu zilizopigwa kutoka kwenye skrini ni kopi mbovu tu, eti video ilipokuja hazikuwa na kazi tena. BBC waliendelea kuuza vipindi nje kwa filamu za milimita 16 miaka yote ya 60, na huko kwao kanda za video zilikuwa ghali kwahiyo wakazifuta warekodi vingine juu yake. Zile sehemu 9 za Doctor Who, tamthilia ya BBC, zilizotangazwa 2013 kwamba zimepatikana zilitoka stoo ya kituo cha TV mjini Jos, Nigeria, ni filamu hizohizo. Kwahiyo kama kituo chenu kina makopo ya zamani ya filamu tafadhali msiyatupe kabla hayajakaguliwa.

Na ukisikia filamu ikiwa nyeusi na nyeupe basi rangi imeenda moja kwa moja, si lazima. Baadhi zilipigwa kutoka kwenye matangazo ya rangi na ile signali ya rangi ikaacha vidoti vidogo sana kwenye picha, wataalamu wakavisoma kwa kompyuta, na 2008 BBC wakarusha tena kipindi kimoja cha kichekesho chao Dad's Army cha 1969 kikiwa na rangi zake.