Mtoto akitanguliza makalio: amueni kabla ya uchungu

Mama mwenye mimba ya wiki 34 analalamika kuwa kila akiinama kupalilia kuna kitu kigumu kinambana chini ya mbavu, na mateke anayasikia chini, karibu na kibofu. Mkunga akipapasa tumbo anakuta kule juu kitu cha mviringo, kinachochezacheza akikisukuma kwa vidole. Hicho ni kichwa. Mapigo ya moyo wa mtoto nayo yanasikika juu ya kitovu cha mama badala ya chini yake.

Nyumbani maneno huanza: alibeba ndoo nzito, alilala vibaya. Si kweli. Kwenye wiki ya 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa ametanguliza makalio. Wengi hujigeuza wenyewe, na mimba ikitimia hubaki 3 au 4 katika kila 100. Mara nyingi sababu haijulikani. Kwa wengine ni kondo lililokaa chini, maji mengi, uvimbe kwenye kizazi, au mapacha.

Mtoto akiwa bado hajageuka wiki ya 36, ndipo familia inapaswa kukaa na daktari. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza na ya 37 kwa aliyewahi kuzaa. Hufanikiwa kwa karibu nusu ya akina mama, zaidi kwa wale waliokwisha kuzaa. Si kila hospitali inaifanya, kwa hiyo ulizeni. Tunapima kwanza kwa ultrasaundi, tunasikiliza mapigo kabla na baada, tunaweza kutoa dawa ya kulegeza kizazi, na chumba cha upasuaji kinakuwa tayari, kwa sababu karibu mama mmoja kati ya 200 huhitaji upasuaji wa haraka. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mjamzito amepelekwa kukandwa tumbo kijijini. Kwa macho mikono inafanya kazi ileile, lakini mkandaji hajui kondo limekaa wapi, hasikii moyo wa mtoto, na kondo likibanduka hana pa kukimbilia.

Ya pili ni upasuaji wa kupanga, kwa kawaida karibu na wiki ya 39. Utafiti mkubwa wa mwaka 2000, uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26, ulionyesha kuwa upasuaji wa kupanga unapunguza vifo na madhara makubwa kwa mtoto siku za mwanzo. Tangu hapo hospitali nyingi duniani huelekea huko. Lakini kovu linabaki: mimba zijazo kondo linaweza kujishikiza hapo, au kizazi kikachanika wakati wa uchungu. Kwa binti wa miaka 22 anayetaka watoto wanne, hilo si jambo dogo.

Ya tatu ni njia ya kawaida, na bado inawezekana. Inafaa zaidi mtoto asiwe mkubwa sana wala mdogo sana, awe ametanguliza makalio na si miguu, na kichwa kiwe kimeinama kifuani. Hatari ni mwili kutoka halafu kichwa kikwame. Mzalishaji mzoefu hamvuti mtoto. Akivutwa huinua mikono na kidevu, na hapo ndipo anapokwama. Anayejua kazi hii awepo, na chumba cha upasuaji kiwe jengo hilohilo.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini naongeza swali moja: uchungu ukianza, utakuwa wapi? Kutoka Makete, Ludewa au pembezoni mwa Chunya, wakati wa mvua barabara ina uzito sawa na majibu ya ultrasaundi. Hata aliyepangiwa upasuaji anaweza kushikwa na uchungu mapema. Kufika wiki ya 38 sogea karibu na hospitali inayopasua, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo. Mume aje kliniki, na mama mkwe pia kama ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Chupa ikipasuka, nenda hospitali hata kama huna uchungu. Ukiona au kuhisi kamba ya kitovu imetoka, usiishike wala kuirudisha. Piga magoti, kifua chini, makalio juu, na ukae hivyo ukisubiri gari; ndani ya gari lala kwa ubavu wa kushoto, makalio yameinuliwa kwa mto, mpaka upokelewe.