Dhana potofu na ukweli: siku ya jua kali kwenye boti

Jua kali, maji yamelala kama kioo, foleni ya abiria imeziba gati. Siku kama hii hudanganya kuliko siku ya mawimbi, kwa sababu mwili hausikii hatari: upepo unapoza, boti inateleza, kila mtu amevaa kiwepesi. Dhana nyingi zilizo hapa chini zimezaliwa na raha hiyo.

Dhana: Kuna wingu na upepo, jua halitachoma

Kinachounguza ngozi ni mionzi ya urujuanimno, wala si joto unalolisikia. Upepo hupoza ngozi lakini hauzuii mionzi hata chembe. Wingu jepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 yake. Povu la mawimbi huakisi kama robo, na nusu mita chini ya maji bado ina kama asilimia 40 ya nguvu iliyo juu. Ndiyo maana aliyekaa chini ya turubai kutwa hushuka na kidevu kilichoiva: mionzi humfikia kutoka ubavuni na kutoka majini.

Kosa kubwa liko kwenye kiasi cha krimu ya kukinga jua. Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya krimu, hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa mwili mzima wa mtu mzima hiyo ni mililita 30 hadi 35. Maana yake tyubu ya mililita 100 inatosha kupaka mara tatu tu, na tyubu inayodumu msimu mzima haijawahi kutumika ipasavyo. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya mionzi inayobabua, SPF 50 kama 98, kwa hiyo kubishana juu ya namba huku unapaka nusu ya kiasi ni kazi bure. Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kupanda, rudia kila baada ya saa 2 na kila unapotoka majini, hata kama chupa imeandikwa kuwa haitoki kwa maji. Sehemu zinazosahaulika ni masikio, nyuma ya magoti, juu ya nyayo na upara. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, ila haiyakingi macho. Miwani ni ya kila mtu.

Dhana: Asubuhi bahari imetulia, itatulia kutwa

Siku ya joto yenyewe ndiyo hutengeneza upepo. Nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza pengo. Kwa kawaida upepo huu huanza kusikika saa nne au saa tano asubuhi na kukolea kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Safari iliyokwenda kwa upole hurudi kwa kurushwarushwa, na aliyepanga kurudi kwa kasi ileile ya asubuhi amekosea hesabu ya mafuta. Nahodha makini hugawa tangi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura.

Upepo unaotoka nchi kavu una hila yake. Karibu na ufuo maji huonekana tambarare, kwa kuwa mawimbi bado hayajapata nafasi ya kukua. Godoro la kuelea au kiboti cha mpira huondoka taratibu, na kadiri kinavyokwenda mbali ndivyo maji yanavyochafuka. Mpira ukichukuliwa na upepo huo, usiufuate. Ukiwa juu ya kiboti kinachosukumwa nje, baki nacho na uite msaada: kinaonekana kwa urahisi kuliko kichwa.

Dhana: Tulipopita asubuhi, tutapita na jioni

Maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Kutoka kujaa hadi kupwa huchukua takriban saa 6 na dakika 12, na manahodha hugawa badiliko lote katika sehemu 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua mahali ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3.6. Saa ya kwanza hupungua sentimita 30 tu, na abiria hudhani wana muda. Saa ya tatu na ya nne pekee huondoa mita 1.8, nusu ya maji yote. Boti iliyofungwa karibu na fungu wakati wa chakula huketi juu ya mchanga kabla sahani hazijakusanywa. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti huwa kubwa zaidi. Kanuni hii ni ya kukadiria. Kwenye midomo ya mito na ghuba nyembamba, fuata jedwali la mahali hapo.

Dhana: Usile kitu, hutatapika

Kinyume chake. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Kula kitu kikavu na chepesi. Dawa nyingi za kuzuia hali hii humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya safari, na ukishaanza kutapika hakitakaa kitu tumboni. Kaa katikati ya boti, tazama upeo wa macho, weka simu mfukoni.

Dhana: Najua kuogelea, jaketi ni la watoto

Jua kali halimaanishi maji ya moto, kwani bahari huchelewa kupata joto kuliko nchi kavu. Ukitumbukia ghafla kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, utavuta pumzi bila hiari na kuhema kwa dakika 1 hadi 3, hata uwe bingwa. Lala chali, elea, ngoja pumzi irudi, ndipo uogelee.

Jaketi la kujiokolea lililo chini ya benchi halina faida, kulivaa ukiwa tayari majini ni shida kubwa. Lijaribu gatini: funga vifungo vyote, nyanyua mikono, mwenzako avute mabega ya jaketi juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au mikanda imelegea. La mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Soma pia namba ya nguvu ya kuelea, kwa nyutoni: 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea, 100 ni la maji yaliyokingwa, 150 ni la bahari wazi.

Na usingoje kelele. Anayezama mara nyingi huwa kimya, si kwa utulivu bali kwa kukosa pumzi ya kuita: mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inakandamiza maji pembeni. Baada ya sekunde 20 hadi 60 anaweza kutoweka. Muulize kama yuko salama. Asipojibu, mrushie kitu kinachoelea mara moja.

Dhana: Tuko nje, moshi hauwezi kudhuru

Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Boti ikienda taratibu huku upepo ukivuma kutoka nyuma, moshi huvutwa kurudi ndani, hasa turubai za mbele na za pembeni zikiwa zimefungwa. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu hudhaniwa ni jua au mawimbi. Wakiugua kadhaa kwa pamoja, fungua turubai, zima injini, wapeleke kwenye hewa safi na uite msaada. Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye tezi, nyuma ya boti, pale watu wanapoketi miguu majini wakingoja zamu ya kuruka, sentimita chache kutoka kwenye bomba la moshi na panga za injini. Injini izimwe kwanza, ndipo ngazi ishushwe.