Mafuta ya karafuu nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa karafuu unapofika Pemba, kazi ya jioni ni kuchambua. Vishada huvunjwa kwa mkono, karafuu zikakaa upande mmoja na makonyo, yaani vijiti vilivyozishika, upande mwingine, na kukicha vyote viwili huanikwa juani. Karafuu kavu huuzwa kama kiungo. Makonyo, ambayo mgeni angeyadhania takataka, hupelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakakenekwa kwa mvuke mpaka yatoe mafuta. Mafuta hayo, pamoja na yale yanayotolewa kwenye karafuu zenyewe na kwenye majani ya mkarafuu, ndiyo yanayofika nyumbani yakiwa katika vichupa vidogo na sifa kubwa: yanatibu jino, yanatuliza tumbo, yanafukuza mbu, yanakanda mgongo. Baadhi ya sifa hizo zina msingi, nyingine hazina, na zilizo na msingi mara nyingi hutumiwa vibaya.

Dhana iliyozaa nyingine zote ni kwamba mafuta ya karafuu ni karafuu tu iliyogeuzwa majimaji, na kwa kuwa tumeila katika pilau na chai tangu utotoni, haiwezi kutudhuru. Ukweli unahitaji hesabu kidogo. Karafuu kavu iliyo nzuri ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo, yaani mililita 5, kimetokana na karafuu zipatazo gramu 30, ambazo ukizihesabu moja moja hupita mia tatu. Hakuna mpishi atakayetia karafuu mia tatu katika sahani ya mtu mmoja. Tena sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90, ni kemikali moja iitwayo yujinoli, ambayo ikiwa kidogo hutia ganzi, na ikizidi huunguza ngozi laini na kulidhuru ini. Wafugaji wa samaki huyatumia mafuta ya karafuu kuwalaza samaki wanapotaka kuwapima au kuwahamisha, na kwa kazi hiyo matone machache katika ndoo ya maji hutosha.

Hapa pana mkanganyiko wa jina ambao, kwa maoni yangu, ndio unaoleta madhara mengi kuliko ujinga wowote wa kemia. Wako wanaosaga karafuu na kuziloweka katika mafuta ya nazi au ya ufuta, wakayachuja na kuyatumia kukandia viungo. Hayo nayo huitwa mafuta ya karafuu, na ni hafifu, mtu anaweza kuyamimina kiganjani na kuyasugua mgongoni bila tatizo. Yaliyokenekwa ni kitu kingine kabisa. Aliyejifunza kukanda kwa yale ya kuloweka, kisha akanunua kichupa cha dukani na kumimina kiganjani kwa mazoea yaleyale, atapata wekundu, muwasho na pengine malengelenge. Wataalamu wa mafuta ya mimea hushauri kwamba yanayopakwa mwilini yasizidi asilimia 0.5, ambayo ni kama matone matatu katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi. Hata kwa kiasi hicho wapo ambao ngozi zao huyakataa, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeiweka yujinoli katika orodha ya manukato yanayojulikana kuleta mzio, ambayo ni lazima yatajwe kwenye lebo za vipodozi. Yajaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, usubiri siku nzima.

Dhana ya pili kwa umaarufu ni kwamba mafuta haya yanatibu jino. Anayeitetea huwa na ushahidi mkononi: usiku jino lilimkeketa, akachovya kipamba, akalala. Simbishii kuhusu usingizi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuwait walichapisha jaribio lililolinganisha jeli ya karafuu na benzokaini, ganzi ya kupaka inayotumiwa na madaktari wa meno kabla ya kudunga sindano, na zote mbili zilipunguza maumivu ya sindano kuliko jeli isiyokuwa na dawa. Madaktari wa meno wenyewe wamekuwa wakichanganya yujinoli na unga wa zinki oksaidi kupata kijazio cha muda, na ile harufu ya karafuu inayokupokea katika baadhi ya kliniki za meno inatokana na mchanganyiko huo.

Lakini kutia ganzi si kutibu. Jino lililotoboka linauma kwa sababu uozo umekaribia au umefikia kiini, mahali penye neva na mishipa ya damu; mafuta huinyamazisha neva kwa muda, ilhali tundu na vijidudu vyake hubaki palepale. Na kuna hila moja ambayo watu wengi hawaijui. Baada ya siku kadhaa za kupaka, maumivu huweza kukoma kabisa, mtu akayasifu mafuta, kumbe kiini cha jino kimekufa na hakuna tena neva ya kulalamika. Wiki au miezi baadaye usaha hujikusanya kwenye mzizi na shavu likavimba. Uvimbe wa shavu au chini ya taya ukiambatana na homa, au ukamzuia mtu kumeza au kufungua kinywa, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kama ni usiku na kliniki imefungwa, tone moja lililochanganywa na nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au ya kupikia linatosha. Chovya ncha ya kipamba, kikamue, kiweke juu ya jino lenyewe bila kugusa fizi wala ulimi, ukiondoe baada ya dakika chache na kutema mate. Kurudia mchana kutwa huunguza fizi, na kidonda cha fizi hakina tofauti kubwa na maumivu uliyokuwa unayakimbia.

Dhana ninayotamani ikome kabla ya nyingine zote ni ya kumpaka mtoto mchanga kwenye fizi anapoota meno. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani inayochunguza viongezwa vya chakula iliweka kikomo cha miligramu 2.5 za yujinoli kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 10 ana nafasi ya miligramu 25, na tone moja tu la mafuta ya karafuu hufikia kiasi hicho au kukipita. Mwaka 1993 jarida la kitabibu la Uingereza lilieleza habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta haya: alipoteza fahamu, akapata degedege, damu yake ikashindwa kuganda na ini likaumia. Alipona, lakini baada ya matibabu mazito hospitalini. Mtoto anayeota meno hutulizwa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, au kwa kidole kilichonawishwa, na kwa subira ya mama na bibi.

Kikomo hichohicho kinajibu dhana ya kunywa matone kila asubuhi ili kusafisha tumbo au kushusha sukari. Mtu mzima wa kilo 60 hukifikia kwa matone manne au matano, na mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au aspirini, au anayesubiri upasuaji, ana sababu ya ziada ya kujizuia, kwa kuwa maabara zimeonyesha kwamba yujinoli hupunguza uwezo wa chembe za damu kushikamana. Mjamzito naye aendelee na karafuu zake za kwenye chai, akiacha kichupa. Anayedhani kwamba maji yatayazimua na aangalie glasi: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo matone huzama na kulala chini kama shanga za manjano, na anayekunywa hukutana nayo mazima katika funda la mwisho. Ndivyo ilivyo pia katika beseni la kuogea.

Glasi hiyohiyo husaidia kidogo kujua kama mafuta ni halisi au yamechanganywa. Mafuta yaliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya nazi huelea. Hata hivyo kuzama hakuthibitishi kwamba yametoka kwenye karafuu, kwa sababu mafuta ya makonyo nayo huzama, nayo si bandia. Mara nyingi yana yujinoli nyingi zaidi, ila harufu yake ni kavu na haina ule ulaini wa mafuta ya karafuu.

Kuhusu mbu, utafiti wa Thailand uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha mafuta ya mimea 38, na ya karafuu yakawa miongoni mwa yaliyodumu zaidi, saa 2 hadi 4, lakini yakipakwa bila kuchanganywa na chochote, hali ambayo ngozi ya kawaida haiwezi kuivumilia kila usiku. Chandarua hakina mshindani hapo.

Kichupa kiwe cha kioo cheusi, kwa kuwa mafuta haya hulainisha baadhi ya plastiki, na kikae juu, mbali na dawa za matone ya macho ambazo hufanana nacho. Mtoto akiyanywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anacheza, na kichupa kibebwe ili daktari aone kilichobaki. Madaktari wamewahi kuwatibu watoto wa namna hiyo kwa asetilisisteini, dawa ileile wanayopewa waliozidisha parasetamoli, nayo hufanya kazi vizuri zaidi inapowahi.