Elias Sarkis: gavana wa benki kuu aliyekabidhiwa nchi inayowaka

Kwenye semina zetu watu huuliza sana, mtu akiiweza benki kuu si ataiweza na nchi? Basi mcheki Elias Sarkis wa Lebanon. Kazaliwa 1924, kasoma sheria pale Saint Joseph Beirut akamaliza 1948, akawa hakimu kwenye mahakama inayokagua hesabu za serikali, yaani kazi yake kupekua risiti za wakubwa. Rais Fuad Chehab akamvuta ikulu, akaendesha ofisi ya rais.

Oktoba 1966 Intra, benki kubwa kuliko zote nchini, ikaanguka, watu wakapanga foleni kudai hela zao. Baada ya hapo ndo Sarkis akapewa ugavana, na pembeni yake yupo mchumi Salim al-Hoss anasimamia tume mpya ya kukagua mabenki. Hawa wawili waliirudisha imani, na hilo mimi nalihesabu kubwa sana maana imani ya wenye akiba ikishapotea kuirudisha ni shughuli.

1970 akagombea urais bungeni, akapigwa na Suleiman Frangieh kura 50 kwa 49. Kura moja tu!

Mei 1976 akachaguliwa, ila vita vya wenyewe kwa wenyewe vina mwaka sasa, na Syria ndo iliyombeba, halafu Frangieh hakung'atuka mpaka Septemba muda wake ulipoisha. Sarkis akamchukua Hoss awe waziri mkuu. Hapa ndo pa kuangalia kwa makini: jeshi lake limesambaratika, Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ikaleta kikosi cha kulinda amani, kwenye makaratasi kipo chini ya amri ya rais wa Lebanon, lakini askari wengi ni wa Syria na wanaisikiliza Damascus. Julai 1978 askari haohao wakaipiga mizinga Ashrafieh, mtaa wa mji mkuu wake mwenyewe, akatangaza kujiuzulu, akabembelezwa, akabaki.

Benki kuu alikuwa na sheria, akiba ya dhahabu na wakaguzi, akiagiza jambo linafanyika. Ikulu hakuwa na wa kumtuma, ndo maana mimi simwiti rais mbovu. Na pauni ya Lebanon haikufa mikononi mwake, anaondoka Septemba 1982 dola bado iko chini ya pauni 5, ikisaidiwa sana na hela za Walebanoni waliokuwa wanafanya kazi Ghuba. Alifariki Paris 1985, na kufika mwisho wa 1987 dola ilishavuka pauni 400.