Je, wajua kwa nini mayai hutundikwa mtini wakati wa Pasaka?

Mwaka 1965, katika mji wa Saalfeld nchini Ujerumani, bwana mmoja aitwaye Volker Kraft alitundika mayai 18 ya plastiki kwenye mtofaa mchanga uliokuwa nje ya nyumba yake. Pasaka ilikuwa imefika na mti haukuwa na jani hata moja. Miaka iliyofuata akaongeza mayai. Mti ukakua, watoto nao wakakua, plastiki ikawa haitoshi, familia ikageukia mayai ya kuku. Yai lililohitajika jikoni halikupasuliwa tena ukingoni mwa bakuli. Lilitobolewa, likapulizwa hadi likatoka lote, na kaka lake likapambwa na kuhifadhiwa. Kufikia mwaka 2012 mtofaa ule ulikuwa umebeba mayai 10,000.

Watu walisafiri kwenda kuuona na kuupiga picha. Mimi nilipoiona picha yenyewe, swali langu lilikuwa moja tu: yai limeingiaje hapa? Soma Injili zote nne, kuanzia Ijumaa Kuu mpaka kaburi tupu. Utakuta siki, sifongo, manukato, sanda, hata samaki wa kuokwa. Yai halimo.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba yai ni ishara ya uhai mpya. Sawa. Lakini hata mbegu ni ishara ya uhai mpya, na hakuna anayetundika maharage mtini. Kwa maoni yangu, jibu lenye uzito zaidi limo ndani ya banda la kuku.

Kuku hutaga kwa kuhesabu mwanga. Na hauhesabu kwa macho peke yake: mwanga hupenya fuvu na kugusa sehemu za ubongo zinazouhisi moja kwa moja, ndiyo maana hata kuku kipofu hutambua kwamba siku zimerefuka. Mwanga ukizidi saa 12 na kukaribia 14 kwa siku, mwili hupata amri ya kutaga kwa kasi. Ukipungua sana, kiwanda hufungwa. Sasa fikiria Ujerumani ya kati mwezi Desemba, ambako mchana una saa nane hivi. Kabla ya umeme, kuku wa mkulima wa huko walikaa majira ya baridi wakila bure. Halafu Februari siku zinaanza kurefuka, Machi mchana unalingana na usiku, na mayai yanarudi yote kwa mkupuo.

Sisi tulio karibu na Ikweta hatulijui jambo hili, maana mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, zikipungua ni dakika tu. Kuku wa kienyeji huacha kutaga kwa sababu anaatamia, analea vifaranga au hajala vya kutosha. Giza halimhusu. Lakini muulize mfugaji wa kuku wa kisasa kwa nini anawasha taa bandani alfajiri au baada ya Magharibi. Atakwambia anatafuta saa 16 za mwanga. Anawatengenezea kuku wake machipuko ya Ulaya, kila siku ya Mungu, kwa bili ya umeme.

Haya, mayai yamerudi kwa wingi, na papo hapo Kwaresima imeanza. Leo Mkristo wa kawaida akifunga Kwaresima huacha nyama siku za Ijumaa, au soda, au simu. Katika Ulaya ya zama za kati mfungo ulikuwa mzito zaidi: nyama, maziwa, siagi na mayai vyote vilikatazwa. Ndiyo asili ya kawaida ya Waingereza kukaanga chapati za maji siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Walikuwa wakimalizia mayai na siagi vilivyobaki ndani. Kama unadhani hayo ni mambo ya kale, watazame majirani zetu wa Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi hufunga siku 55 kabla ya Fasika bila nyama, bila maziwa, bila mayai, na wanapofungulia, mchuzi wa kuku unaoitwa doro wat huja mezani na mayai ya kuchemsha ndani yake. Yule kuku na yale mayai wamekutana tena sufuriani baada ya karibu miezi miwili.

Kuku, hata hivyo, hafungi. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Chukua kuku mmoja anayetaga mayai manne kwa wiki: hayo ni mayai 26. Mwenye kuku kumi ana mayai 260 asiyoruhusiwa kuyala. Bahati nzuri yai lisilooshwa lina utando mwembamba juu ya ganda unaoziba vitundu na kuzuia vijidudu, kwa hiyo mahali pa baridi hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Pasaka ikafika na kila nyumba ina rundo la mayai. Mengine yaliliwa, mengine yakagawiwa watoto, maskini na watumishi. Hesabu za nyumba ya mfalme Edward I wa Uingereza za mwaka 1290 zinaonyesha peni 18 zilizotumika kununua mayai 450 ya Pasaka, ya kupakwa rangi au kufunikwa kwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba, yagawiwe watu wa nyumbani mwake. Piga hesabu: peni moja, mayai 25. Dhahabu ndiyo iliyokuwa ghali.

Ishara ilikaa vizuri juu ya rundo hilo, na hapo Mswahili hahitaji kufundishwa. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Mtoto yeyote atajibu: yai. Kitu kilichofungwa kote, kimya kama jiwe, halafu siku ya 21 kinapasuliwa kutoka ndani na aliyekuwamo anatoka mwenyewe. Wakristo wa Mashariki wakaliona kaburi humo. Wagiriki hadi leo huyapaka mayai rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu, rangi ya damu ya Kristo, na baada ya mkesha wa Pasaka hugonganisha yai kwa yai mezani. Ambaye lake halikupasuka ndiye mwenye bahati mwaka huo.

Lakini waliolifikisha yai mbali kuliko wote ni Waukraine, na anayejua batiki ataelewa mara moja wanavyofanya. Mchoraji huchukua yai bichi na kijiti chenye kifaneli kidogo cha shaba nchani. Anakipasha kwenye mshumaa, anachota nta ya nyuki, anachora mistari kwenye ganda jeupe. Kila alipopitisha nta patabaki peupe. Yai linazamishwa kwenye rangi ya njano, linakaushwa, anachora tena: hapo patabaki njano. Kisha la machungwa, kisha jekundu, mwisho jeusi. Kufikia hatua hiyo yai ni donge la giza lenye mabaka ya nta, na asiyejua atadhani limeharibika. Ndipo analishika ubavuni mwa moto wa mshumaa (juu ya moto litashika masizi), nta inalainika, anaifuta kwa kitambaa, na rangi zote zilizokuwa zimefunikwa zinatokea. Yai hilo huitwa pysanka, kutokana na neno lao la kuandika. Kwa lugha yao yai linaandikwa. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sikujaribu pysanka, mkono wangu hautulii. Nilijaribu ya jikoni. Maganda makavu ya vitunguu maji, kiasi cha viganja vitatu, nikayachemsha nusu saa mpaka maji yakawa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikachuja, nikaongeza kijiko cha siki. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na siki ni asidi, kwa hiyo utaona vipovu vikipanda. Asidi hiyo huiandaa protini iliyo juu ya ganda ili rangi ishike. Usiache yai katika siki kali usiku kucha, kwa sababu utaamka ukute ganda limeyeyuka na yai limebaki laini kama puto. Nilibandika jani la giligilani kwenye yai, nikalibana kwa kipande cha soksi nyepesi ya kike kilichofungwa fundo, nikatumbukiza. Lilipotoka lilikuwa la kahawia iliyoiva, na jani lote likiwa limebaki jeupe, hadi vijino vyake.

Manjano nayo inafanya kazi, inatoa njano ya pilau. Rozela ndiyo iliyonisaliti. Nyekundu kabisa kwenye jagi, nikasema hapa nimewapata Wagiriki. Yai likatoka la kijivu-buluu kama wingu la Aprili. Rangi ya rozela ni ya aina inayogeuka ikikutana na chokaa, na ganda lenyewe ni chokaa tupu. Kabichi nyekundu hufanya vivyo hivyo, inatoa buluu nzuri. Basi ukitaka rangi inayokaribia wekundu, rudi kwenye kitunguu.

Kulitundika nako kuna ujanja wake. Toboa kitundu kila upande kwa sindano, kimoja kiwe kikubwa kidogo, vuruga kiini kwa sindano hiyo hiyo, kisha puliza. Mashavu yatauma. Suuza ndani kwa maji, la sivyo baada ya wiki nyumba nzima itajua. Halafu vunja njiti ya kiberiti nusu, ifunge uzi katikati, iingize kwa wima kwenye kitundu na uuvute uzi kidogo: njiti inalala kwa upana ndani ya kaka na haitoki tena. Hivyo ndivyo Wajerumani hutundika.

Na kwa nini mtini? Kwa sababu Pasaka ya kaskazini mara nyingi huikuta miti bado uchi. Tarehe yake ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake, kwa hiyo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na mwisho wa Machi mtofaa wa Ujerumani bado ni vijiti vitupu. Watu waliochoka na miezi mitano ya kijivu wana haraka kuliko mti. Hukata matawi ya kichaka kiitwacho forsythia yakiwa bado na matumba yaliyofumba, wakayaweka kwenye maji sebuleni penye joto, na baada ya wiki moja au mbili maua ya njano yanafunguka kabla hata nje hakujapambazuka vizuri. Matumba hayo yalikwisha kuundwa tangu kiangazi kilichopita. Yalikuwa yanangoja baridi ya kutosha ipite, halafu joto. Wasweden hufunga manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi kali kwenye vijiti vya mti wa birch. Wapolandi na Warusi, kwa kuwa hawana mitende, Jumapili ya Matawi hubeba matawi ya mwerebi yenye vishada laini vya kijivu. Wajerumani huviita vishada hivyo vipaka vya mitende.

Sungura wa Pasaka nitampitia haraka. Daktari Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika habari za sungura mwitu anayewaletea watoto mayai mwaka 1682. Sehemu nyingine walisema ni mbweha, au korongo, na Ufaransa mayai huletwa na kengele za kanisa zinazorudi kutoka Roma. Kwa sungura wetu wa hadithi, nina hakika mayai yasingefika.

Huku kwetu Pasaka huja na masika. Neno majira ya machipuko tumelipata vitabuni. Chetu ni mvua, majani yanayofika dirishani na mahindi yanayochungulia shambani. Na pambo la nyumbani tunalo, ingawa hatuliiti pambo: tawi la mnazi au la mtende la Jumapili ya Matawi, lililosukwa msalaba, likachomekwa juu ya mlango au nyuma ya picha ya familia. Linakaa hapo mwaka mzima likikauka, hadi parokia inapoyakusanya, inayachoma, na majivu yake yanarudi kwenye vipaji vya nyuso zetu Jumatano ya Majivu.

Mimi nilikuwa na makaka kumi na mawili, na familia ikala mayai ya kukaanga siku tatu. Kazi ilikuwa kupata tawi tupu. Masika hii kila mti una majani hadi kooni: mwembe, mpera, mstafeli, hata miti ninayoijua kwa ukavu. Mwishowe nikaokota tawi la mwembe lililovunjwa na upepo tangu kiangazi, nikalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga sebuleni. Mama akaingia kabla sijatundika hata yai moja, akaliangalia, akaniuliza gesi imekwisha lini.