Korona haikubeba lawama zote za uhaba wa chipu
Hadi leo utasikia kwamba magari mapya yaliadimika mwaka 2021 kwa sababu korona ilifunga viwanda vya chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha vifaa vya gari. Ilichangia, lakini chanzo kilitangulia. Mapema 2020 watengenezaji wa magari wenyewe walifuta oda wakihofia soko, na nafasi yao ikachukuliwa na kompyuta na simu. Waliporudi, foleni ilikuwa ndefu, na kutengeneza chipu huchukua miezi mitatu hivi. Februari 2021 baridi kali ikakata umeme Texas, Marekani, na viwanda vya chipu vya huko vikasimama. Machi, moto ukaunguza kiwanda cha Naka cha Renesas, kampuni ya kutengeneza chipu za magari, mjini Hitachinaka, Japani. Tena kilichokosekana mara nyingi ni vichipu vya bei chee, kama vya kupandishia vioo vya madirisha, teknolojia ya zamani ambayo wachache walitaka kuijengea kiwanda kipya.